Kubebewa Tumbo

Siku iliyofuata dripu ya tatu, Levina Kikoti alikula ugali wa moto na dagaa wa kukaangwa kwa nyanya, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, na upande wa pili wa ukuta Osmundi Mbano akatapika.

Alitapika kwa mpango, kama mtu anayeijua kazi yake. Kwanza miguu ya kitanda ilikwaruza sakafu, kisha kikaja kikohozi kikavu, kisha beseni. Levina alingoja mpaka kukawa kimya, ndipo akanawa mikono, akachukua kikombe cha maji ya kusukutua na kwenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha wageni.

"Mngoni, upo?"

"Nipo, Mhehe. Huyo mbwa uliyemla leo hakuiva."

Levina alicheka, akamjibu kwamba mbwa aliiva vizuri sana, ila tumbo la Kingoni limezoea panya, likiletewa chakula cha watu linashtuka. Akamwekea kikombe kwenye kigoda, akachukua beseni kwenda kulimwaga. Kulimwaga ilikuwa kazi yake. Hilo walikubaliana tangu mwanzo, kwamba anayebebewa ndiye anayemwaga.

Wote wawili walivaa pacha. Zilikuwa vibandiko viwili vya rangi ya kahawia, kila kimoja kama kifungo cha shati. Kimoja kilikaa nyuma ya sikio la Levina, pale mshipa wa fahamu unaposhuka kwenda tumboni, na kingine mahali hapohapo kwa Mbano. Tumbo la Levina lilipolalamika, kibandiko chake kilidaka lalamiko lile kabla halijafika kichwani, kikalituma ng'ambo ya ukuta, na kichwa cha Mbano kikaamini ni tumbo lake mwenyewe. Mwanzoni wataalamu walitaka kichefuchefu kidakwe na kuzimwa tu, pasiwepo wa kukipokea. Haikuwezekana. Kilichozimwa kilijilimbikiza, na kibandiko kilipovuliwa kilimrudia mgonjwa chote kwa mkupuo. Kikipata mwili mwingine wa kukihisi, kiliisha chenyewe kama uchovu unavyoisha. Ndiyo maana vibandiko vikawa viwili, na ndiyo maana akatakiwa mtu.

Pacha ilibeba tumbo tu. Nywele za Levina zilidondoka juu ya mto wake mwenyewe. Vidonda vya mdomoni vilikuwa vyake, akivisukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila baada ya kula. Ncha za vidole zilikufa ganzi, vifungo vya gauni akawa anafungiwa na binti yake, Ezelina. Tena kila chuma alichotia mdomoni kilimwachia ladha ya sarafu, kwa hiyo uji alikunywa kwa kijiko cha mti. Hayo yote aliyaweza. Lililomshinda lilikuwa kichefuchefu.

Saratani ilikuwa ya titi la kushoto. Dripu ya kwanza ya dawa yake aliwekewa bila pacha, kwa kuwa alisema yeye si mwanamke wa kuogopa kutapika, amezaa na amelima. Alipewa vidonge vya kuzuia, na nesi akamwambia avimeze kwa saa zake hata kama anajisikia mzima. Yeye akaviweka kabatini, akingoja kwanza aone kama hicho kichefuchefu kitakuja kweli. Kilipokuja hakikusikiliza kidonge tena. Kitunguu kilimnukia, sabuni ya kufulia ilimnukia, hata mkono wa Ezelina uliokuwa ukimshika kichwa ulimnukia mpaka akausukuma. Siku alipopata nguvu ya kuketi alimwambia Ezelina, bila machozi wala kelele, kwamba hospitali harudi. Afadhali saratani, alisema, maana yenyewe haimnukii.

Mbano alikuwepo. Alikuwa fundi wa mabanda ya nyanya, jirani wa miaka mingi hapo Ilula, na siku hiyo alikuja kubadilisha bomba la kunyunyizia maji. Aliyasikia maneno hayo akiwa na spana mkononi.

Ezelina alitaka kubeba yeye. Alikataliwa. Pacha zilipoanza, wenye uwezo waliwavalisha wasichana wao wa kazi, waume waliwavalisha wake zao, wazazi wakawavalisha watoto, na wote hao walisema ndiyo kwa sababu hawakuwa na mdomo wa kusema hapana. Ikatungwa sheria fupi kwamba mbebaji awe mtu anayeweza kukukatalia usoni bila aibu na bila hofu. Wakubwa walihangaika kumtafuta mtu wa namna hiyo. Si ndugu, si mwajiriwa, si mdeni, si muumini mwenzako. Mwisho mtu mmoja akauliza, kwani watani wameisha nchi hii? Mtani anakutukana msibani kwako na hununi. Anakunyima na hamgombani. Basi ikawa hivyo, na kwa Mhehe akatafutwa Mngoni, maana babu zao walipigana mpaka wakachoka wakabaki kucheka.

Nesi Skolastika aliyewavalisha aliuliza swali ambalo lazima liulizwe.

"Baba, unaweza kumkatalia huyu mama?"

"Huyu? Namnyima hata maji ya kunawa."

"Na wewe mama, akikataa utamlaumu?"

Levina alijibu kwamba Mngoni akikataa kazi huwezi kumlaumu, ndivyo alivyozaliwa. Nesi alicheka, akabandika.

*

Dripu ya pili ilipita salama. Mbano alitapika, akalala, akala makombo ya mkate mkavu na tangawizi, na kufikia mwisho wa juma alikuwa juu ya ngazi tena akifunga nailoni ya banda. Levina alinenepa kidogo. Majirani walimsifu.

Kwa hiyo hii ya tatu ilipoanza hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Levina alianza hata kusahau mambo madogo. Kipimajoto alichopewa, ambacho alitakiwa kukiweka kwapani asubuhi na jioni, kilikaa ndani ya kikombe juu ya kabati pamoja na kalamu za Ezelina. Ataupimaje mwili usiouma? Alikula, alilala, alikwenda bandani kukagua nyanya. Jasho likimtoka alisema ni joto la nailoni, akitoka nje akasikia baridi alisema ni upepo wa Ilula, na upepo wa Ilula kweli kila mtu anaujua.

Mbano ndiye aliyebadilika. Kichefuchefu cha dripu iliyopita kilikuwa na kawaida yake, kikali siku za mwanzo kisha kikilegea. Hiki hakikulegea hata juma lilipokwisha. Kilishuka kikakaa chini upande wa kulia, kikawa si kichefuchefu tu bali kitu kinachovuta na kuchoma.

Alisema. Hilo Levina hakuja kulikana baadaye, Mbano alisema. Asubuhi moja alimwambia kwamba safari hii amemlisha misumari, tena misumari ya Kihehe isiyonyooka. Levina alimjibu kwamba fundi gani anaogopa misumari. Mchana alimwambia Ezelina amwite padri, maana mama yake ameamua kulipiza vita vya mababu kwa kumuua Mngoni polepole ndani ya nyumba yake. Ezelina alicheka mpaka akaegemea mlango, akauliza jeneza walitie rangi gani. Jioni Mbano alisema kwa sauti ya chini kidogo kwamba pale kulia kunamuuma kweli, na Levina akampigia vigelegele. Mngoni amekiri kushindwa, alisema, natangaza kijiji kizima.

Alifanya alivyolelewa. Mtani akilalamika, unamwongezea. Ukimwonea huruma umemtukana kweli, umemfanya mgeni. Hata bibi yake, alipokuwa anakata roho, watani walimwambia aache uvivu ainuke, naye akatabasamu. Mbano pia alilelewa hivyohivyo. Hakuwa na sauti nyingine ya kumsemesha mwanamke huyu. Kwa miaka yote ya ujirani wao hakuwahi kumpa hata salamu ya heshima. Kuitikia "kamwene" alikataa kabisa, akisema hajifunzi salamu za watu walioshindwa vita.

Siku iliyofuata hakusema kitu. Levina alipopita mlangoni na kumuuliza kama Wangoni bado wanahesabiwa miongoni mwa walio hai, alimtazama tu. Beseni lilikuwa na maji ya njano na hakuna kingine. Levina alikwenda bandani akiwa na kitu kinachomkera rohoni, asijue ni nini.

*

Alikuwa ameinama kati ya mistari ya nyanya, akikata majani ya chini yaliyoanza madoa, aliposikia kizingiti cha banda kikigongwa. Watu wa Ilula hawagongi banda, wanaingia. Aliinua kichwa. Mbano alikuwa amesimama nje, amevaa shati safi lililofungwa vifungo vyote, kofia ameishika mkononi. Mkono wa pili alikuwa ameshikilia nguzo. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Kamwene, Mama Ezelina," alisema.

Mkasi ulimtoka Levina mkononi. Aliogopa kuliko siku daktari alipomwambia habari ya titi.

"Kamwene, baba," aliitikia.

"Samahani kukusumbua kazini. Naomba sana upime joto."

Levina alitoka, akampita, akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akamwaga kalamu mezani, akaweka kipimajoto kwapani na kusimama wima kama mtoto anayepimwa urefu. Kilipolia alikisoma, akampa Ezelina naye akisome. Thelathini na nane na nusu na zaidi kidogo.

Nesi aliwaambia tangu siku ya kwanza, na wote walilijua kama wanavyojua majina yao, kwamba mtu wa dripu akifika thelathini na nane hasubiri kesho, hamezi dawa ya kutuliza homa, anakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama anajisikia wa kucheza ngoma. Levina alijisikia wa kucheza ngoma. Hilo ndilo lililomtisha Ezelina mpaka akabonyeza kitufe cha gari la wagonjwa mara mbili. Gari lilikuja peke yake kutoka barabara kuu, bila dereva, likafungua mlango mbele ya ua na kuwaambia wapande taratibu.

Ndani ya gari hakuna aliyetania. Mbano alikaa amejikunja upande wa kulia. Kila gari lilipopita kwenye tuta, Levina alimwona akifumba macho, na yeye Levina hakusikia hata tuta lenyewe.

*

Daktari wa zamu katika hospitali ya mjini alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya upole, na mikono aliyoipasha joto kwanza kwa kuisugua. Damu ilikwisha kupimwa. Alieleza kwamba dripu huua saratani, lakini hupunguza pia askari weupe wa damu, na askari wakipungua, vijidudu ambavyo siku zote hukaa tumboni bila madhara vinapata nafasi. Alihisi utumbo umevimba. Dawa ya vijidudu ilikwisha kuanza kushuka kwenye mpira. Alimwomba Levina alale chali, akunje magoti, akabonyeza tumbo kushoto.

"Hapa?"

"Hapana."

Akabonyeza juu ya kitovu. Hapana. Akahamia chini kulia, akabonyeza polepole, akaachia.

Levina alikuwa anatazama dari. Aliyeguta ni Mbano, aliyekuwa kwenye benchi karibu na mlango. Alijikunja mpaka paji la uso likagusa magoti.

Daktari alitazama upande ule, akarudi kutazama nyuma ya sikio la Levina. Hakugombeza. Alivuta kiti, akakaa.

Alieleza mambo mawili, moja baada ya jingine. La kwanza, picha za mashine zingemwonyesha uvimbe, lakini utumbo ukianza kutoboka, maumivu husema kabla ya picha. Yanahama, yanasambaa, yanageuka. Alihitaji mtu wa kuyasema kila wakati, usiku na mchana. Angeweza kumuuliza baba huyu badala ya mama, amewahi kufanya kazi namna hiyo. La pili, baba huyu naye damu yake imepimwa hapo mlangoni, na amekauka maji. Amekaa na njaa. Si kijana. Anaweza kuwekewa dripu ya maji aendelee kubeba, lakini yeye kama daktari hapendi.

"Sheria inasema akivua ni ruhusa yake," daktari alimaliza, "na ukivua wewe, mama, ni ruhusa yako. Mimi siamui."

"Sivui," Mbano alisema kutoka kwenye benchi.

Levina alimuuliza kwa nini hakuvua siku ile ya misumari. Alimuuliza kwa adabu, kama unavyomuuliza shemeji mkubwa.

Mbano alichukua muda kupata pumzi. "Nilikusikia ukisema afadhali saratani. Nilikuwa na spana mkononi. Nikasema moyoni, huyu hatanii, huyu anakwenda kufa kweli kwa sababu ya harufu ya vitunguu. Nikivua, utaacha dawa. Nikikwambia kwa upole inauma, utavua wewe, halafu utaacha dawa. Nikabaki na utani. Nikakwambia kwa utani."

"Na mimi nikakupigia vigelegele."

"Ulipiga vizuri," alisema Mbano, na haukuwa utani.

Ezelina alikuwa amejibanza dirishani. Alisema mama amwachie baba aendelee kubeba hata siku moja tu zaidi, mpaka dawa ishike. Siku moja, mama. Alikuwa analia, na ni yeye ambaye mkono wake ulisukumwa siku ile.

Levina alijijua. Hakuwa mtu wa kujidanganya kwamba safari hii itakuwa nyepesi kwa sababu ana moyo mzuri. Alijua kile kitu kitakavyokuja, alijua atakavyotamani kila mtu aondoke mbele yake, na alijua kwamba dripu zilikuwa bado, na kwamba siku moja, akiwa ameinamia beseni, lile neno lingemrudia mdomoni. Kumbakiza Mbano kulimaanisha pengine kupona. Kumvua kulimaanisha pengine kuacha. Daktari alikuwa amempangia mizani, upande huu mzee aliyekauka, upande ule yeye mwenyewe, na sheria yote ya nchi ilikuwa imeuliza kama mzee anaweza kusema hapana, na mzee alikwisha kusema ndiyo. Hakuna ambaye angemlaumu.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuweza kulizunguka. Siku mbili mwili wake ulikuwa umeita msaada, uliita kwa sauti kubwa, na yeye alikuwa anafuta sahani kwa tonge.

Aliomba kwanza kidonge cha kuzuia kutapika, akimeze sasa, kabla. Nesi akampa. Akaomba beseni, na kitambaa cha baridi. Akamwambia Ezelina akae mbali kidogo kwa sababu ya losheni aliyopaka, asichukie. Alingoja kidonge kishuke, akiwa ameketi, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja basi. Mbano alimwambia acha. Alimwambia tena acha, Mama Ezelina. Levina aliingiza ukucha chini ya kibandiko. Vidole vilikuwa na ganzi, kikateleza, akajaribu tena, kikabanduka.

Kilikuja si kwa mkupuo bali kama maji yanayopanda kwenye ndoo. Kwanza mate yalijaa mdomoni. Kisha jasho la baridi juu ya mdomo wa juu. Kisha chumba kizima kikapata harufu: spiriti, mpira wa glavu, shuka, sakafu iliyopigwa deki. Kisha tumbo likafika, na pamoja nalo yale maumivu ya chini kulia, mapya kwake na makali, na Levina akashangaa kwamba mtu alikuwa ameyabeba hayo akiwa amesimama bandani na kofia mkononi. Alitapika dagaa, alitapika maji, alitapika hewa. Nesi Skolastika alimshika bega.

Alipolazwa tena chali, daktari alibonyeza kushoto, hapana. Juu ya kitovu, hapana. Akahamia kulia.

"Hapo," Levina alisema. "Hapo hasa. Ukiachia ndio inauma zaidi. Tena inavuta kushuka kwenye nyonga, haiji mgongoni."

Daktari alimshukuru. Akachora alama ndogo kwa kalamu juu ya ngozi, akasema atarudi kila saa, na yakivuka alama hiyo aambiwe papo hapo.

Kwenye benchi, Mbano alikuwa amenyooka. Alijigusa tumbo kama mtu anayejipapasa mfukoni akakuta kitu hakipo. Rangi ilikuwa inamrudia taratibu. Nesi alimletea bakuli la uji, naye alitia kijiko cha kwanza kwa wasiwasi, kisha cha pili. Harufu ya uji ilifika kitandani. Levina alifunika pua kwa kitambaa, akanyoosha mkono kumwonyesha mlango, na Mbano akaelewa, akabeba bakuli lake akatoka kwenda kukaa barazani, chini ya dirisha.

Levina alimwita nesi karibu. Alimwambia kwa maneno mafupi, kwa sababu marefu yalimletea mate, kwamba tarehe ya dripu ya nne isifutwe. Akipona hapa, atakuja. Vidonge atavimeza kwa saa zake, kabla, si baada. Atakula kidogokidogo vitu baridi visivyonuka. Hakuahidi kwamba atamaliza. Alisema atakuja ya nne, na baada ya hiyo ndipo atajua ya tano. Nesi alisema hilo linatosha, akaenda kufungua dirisha hewa iingie.

Levina alitapika tena. Akasukutua kwa maji ya chumvi, taratibu, akipita kando ya vidonda. Akaweka kipimajoto kwapani mwenyewe, bila kuambiwa, akangoja kilie.

"Imeshuka?" sauti ya Mbano iliuliza kutoka nje.

Alikisoma.

"Bado."

Kijiko kiligonga bakuli, kisha benchi la barazani likalia mtu alipokaa vizuri zaidi.

"Basi bado nipo," alisema.